Gitaa Limevunjika Kichwa: Namna ya Kuliunganisha Mwenyewe

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na karibu kila mara linakuja na picha. Gitaa limelazwa kitandani, kichwa kimeinama, nyuzi zimelegea na kujikunja. Chini yake maneno machache: "Liliteleza ukutani likaanguka. Alinipa marehemu baba. Linatengenezeka?"

Mara nyingi linatengenezeka. Kuvunjika pale shingo inapokutana na kichwa ni mojawapo ya ajali za kawaida kabisa za gitaa, na mbao ikiunganishwa vizuri kwa gundi sahihi, kiungo kile kinaweza kuwa na nguvu kuliko mbao iliyo pembeni yake. Ila magitaa mengi ninayoletewa yakiwa yameharibika kweli hayakuharibiwa na anguko. Yameharibiwa na gundi iliyotiwa jioni ile ile, kwa uchungu na haraka, kabla mwenyewe hajajaribu hata mara moja kuona kama vipande vinakaa sawa. Nimeandika mwongozo huu ili usome kabla hujashika chupa ya gundi.

Nitazungumzia zaidi kichwa na shingo, maana hapo ndipo maswali yanapojaa. Ufa wa ubao wa mbele na daraja lililong'oka, kile kipande cha mwilini zinapofungwa nyuzi, nitavigusa baadaye.

Saa ya kwanza

Usitie chochote. Usilichezeshe kuona limevunjika kiasi gani, kwa sababu kila unapokipinda kichwa huku na huku unakatakata vinyuzinyuzi vya mbao ambavyo kesho vingekuongoza kurudisha vipande mahali pake.

Kama kichwa bado kimeshikilia na nyuzi zimekaza, zilegeze zote kidogo kidogo kwa zamu, usimalize mmoja ndipo uende kwa mwingine. Usizikate zikiwa zimekaza. Seti nyepesi ya nyuzi za chuma kwenye gitaa la kawaida huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 70 zikiwa zimepandishwa sauti. Nguvu hiyo ikiachiliwa ghafla juu ya mbao iliyopasuka, ufa unaruka hatua nyingine mbele.

Kisha piga magoti utafute vibanzi. Angalia sakafuni, chini ya kochi, ndani ya mfuko wa gitaa, kwenye mikunjo ya nguo uliyovaa. Nakumbuka gitaa moja ambalo kibanzi chake kilikuwa kama nusu ya njiti ya kiberiti, na mwenyewe alikuwa amekifagia. Alirudi akapekua taka akakipata. Kilipoingia mahali pake, mstari wa mvunjiko ulitoweka upande mzima wa nyuma. Kila kibanzi tia kwenye bahasha na uandike juu yake kimetoka upande gani.

Usiguse nyuso za mvunjiko kwa vidole, kwani mafuta ya ngozi huzuia gundi kunyonywa na mbao. Usifunge tepu juu ya vanishi pia. Vanishi ya gitaa la zamani hung'oka pamoja na tepu, na hapo utakuwa na majeraha mawili. Lifunge gitaa kwa kitambaa safi, piga picha pande zote nne, uliweke lilale mahali pakavu. Siku mbili tatu za kusubiri hazidhuru. Miezi ndiyo hudhuru: vumbi huingia, mbao hunywa unyevu na vinyuzi vyake hufura.

Kwa nini hapo hasa

Kwa kifupi: magitaa mengi kichwa chake kimeinamishwa kwenda nyuma, na kama shingo nzima imechongwa kwa ubao mmoja, mishipa ya mbao penye kona hiyo hukatizwa badala ya kupita moja kwa moja. Aidha, mengi yana fimbo ya chuma ndani ya shingo kwa ajili ya kurekebisha mpindo, na mara nyingi nafasi ya nati yake huchimbwa papo hapo, upande wa kichwani wa kidaraja cha juu, kile kipande cheupe zinapopita nyuzi kuingia kichwani. Pembe, mishipa mifupi na shimo vimekutana sehemu moja. Ndiyo maana gitaa linaweza kuvunjika likiwa ndani ya sanduku gumu: sanduku likianguka chali, uzito wa vigingi vya kukazia nyuzi hukivuta kichwa kiendelee na safari wakati shingo imeshasimama.

Tazama limevunjika namna gani

Washa tochi, shika kioo kidogo, na uamue gitaa lako liko kundi lipi.

Kundi la kwanza ni ufa unaofunguka na kufunga. Kichwa bado kimeshikamana na shingo, mara nyingi kwa ubao mwembamba wa juu ya kichwa. Hili ndilo rahisi kuliko yote, na mtu makini anaweza kulitengeneza hata kama ni mara yake ya kwanza.

Kundi la pili ni kichwa kilichotoka kabisa, lakini mvunjiko ni mrefu na wa mshazari, kama mwanzi uliokatwa kwa panga kwa pembe. Eneo la kushika gundi ni kubwa. Nalo unaweza, ila lina mtego wa kuteleza, nitaueleza.

Kundi la tatu ni mvunjiko mfupi uliokata karibu wima, au ambao vipande vyake vimepotea, au uliowahi kutiwa gundi ukaachia. Hapa nakuomba usijaribu. Gundi peke yake haina pa kushikia, lazima kuchimba mifereji na kupachika mbao za kuimarisha. Mpelekee fundi wa magitaa. Vivyo hivyo kama gitaa ni la kale na lina thamani kubwa: kuondoa gundi utakayotia leo ndiyo kazi ya kwanza ambayo fundi atakutoza.

Unavyohitaji

- Gundi ya mbao ya njano, mpya. Titebond Original ni mfano unaojulikana.
- Klampu tatu au nne. Za kukaza kwa skrubu ni bora kuliko za kubana kwa springi.
- Vibao viwili vya kubania, vyenye koki (ile mbao laini ya vizibo vya chupa) au ngozi upande unaogusa gitaa.
- Nailoni nyembamba au karatasi ya nta, ili vibao visigande kwenye gitaa.
- Bomba la sindano, brashi ndogo laini, na vipande vya plastiki nyembamba visivyo na ncha kali.
- Maji ya vuguvugu na vitambaa vitatu vinne visivyotoa nyuzi.
- Bisibisi, na spana ya fimbo ya shingo inayolingana na gitaa lako.
- Tochi, kioo kidogo, na mto au taulo iliyokunjwa ya kulazia shingo.
- Mtu wa pili. Mikono miwili haitoshi dakika ile gundi ikishaingia.

Kuhusu gundi sitalegeza, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopotea. Supaglu hushika kabla hujamaliza kufunga ufa, ikikauka huwa ngumu na yenye kukatika, na ikishalowa ndani ya mbao haitoki. Gundi nyingine haitashika tena juu yake. Gundi nyeupe ya shuleni hubaki na ulaini fulani, ikivutwa na nyuzi usiku na mchana hutambaa taratibu mpaka kiungo kinafunguka. Gundi ya poliyurethani, ile inayofura povu, husukuma vipande viachane, na povu lenyewe halina nguvu. Epoksi ina nguvu na huziba pengo, ila ukikosea kuirudia ni shida, kwa hiyo iache kwa mvunjiko usiofungika vizuri. Gundi moto ya ngozi ya wanyama ni nzuri mno na mafundi wengi wa vyombo vya kale huipenda, lakini hutumika ikiwa kwenye joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi na huganda upesi ikipoa. Si gundi ya kujifunzia.

Kama chupa yako ya gundi ya njano imekaa muda, ijaribu. Gundisha vipande viwili vya mbao ya taka, bana, acha mpaka kesho, kisha vivunje kwa nyundo. Mbao ikichanika na mstari wa gundi ukabaki mzima, gundi ni nzuri. Vipande vikiachana kwenye mstari, itupe. Na ikitoka kwenye chupa kama ute unaovutika, hata usiijaribu.

Kazi yenyewe

1. Vua nyuzi zote, kisha fungua vigingi vya kukazia nyuzi kwa bisibisi. Panga kila kigingi na skrubu zake kwenye karatasi kwa mpangilio uleule uliotoka nao. Kama kuna kifuniko kidogo juu ya nati ya fimbo ya shingo, kitoe pia, halafu legeza nati hiyo mpaka isivute tena. Ikigoma, acha, usilazimishe juu ya mbao iliyopasuka.

2. Safisha mvunjiko kwa brashi kavu. Puliza vumbi kwa bomba tupu la sindano badala ya mdomo, maana mdomo hutoa mate. Usipige msasa. Narudia: usipige msasa nyuso za mvunjiko, hata kidogo tu ili zilainike. Ule ukwaru ndio kufuli na ufunguo wake. Ukiulainisha umebaki na mbao mbili zisizofahamiana.

3. Tafuta vinyuzi vilivyopinda. Huwa vimelala kinyume na ndivyo vinavyozuia ufa kufunga. Vinyooshe kwa ncha ya kijiti cha meno, uvirudishe vinakotoka. Kata kile tu ambacho hakina kabisa pa kuingia.

4. Funga kwa mkono, bila gundi. Sukuma kichwa taratibu mpaka mstari ubane, kisha pitisha ukucha juu ya mstari pande zote: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Ukucha ukikwama, vipande havijakaa. Fungua, tafuta kinachozuia, rudia. Hatua hii inaweza kukuchukua saa nzima. Ipe. Usidhani klampu itamaliza kilichokushinda kwa mkono. Klampu inaweza kufunga pengo kwa nguvu, lakini siku inapotoka mbao inakumbuka.

5. Tengeneza vibao vya kubania. Cha mbele ni bapa, kikae juu ya uso wa kichwa. Cha nyuma kinahitaji kufuata mviringo wa shingo, hivyo kichonge kwa tupa au ukibandike koki nene inayojikunja. Lengo ni nguvu ya klampu ipite wima kwenye mstari wa mvunjiko. Hapa ndipo mtego niliousema: nyuso za mshazari zikipakwa gundi huteleza moja juu ya nyingine kama sabuni iliyolowa. Unakaza klampu, kichwa kinapanda milimita moja. Kwa kichwa kilichotoka kabisa, weka pia klampu ndefu au mkanda wa mpira kutoka ncha ya kichwa kuelekea mwilini mwa gitaa, ukazwe kidogo tu, ili kichwa kisirudi juu wakati klampu za pembeni zinabana.

6. Kinga nati ya fimbo ya shingo. Gundi ikiingia kwenye meno ya nati hiyo, shingo haitarekebishika tena. Ziba nafasi yake kwa kipande cha nailoni kilichoviringishwa. Usitumie mafuta wala vaselini karibu na mbao. Tone likitambaa hadi kwenye mvunjiko, gundi haitashika hapo.

7. Fanya zoezi lote bila gundi. Laza shingo kwenye mto, weka nailoni, weka vibao, kaza klampu zote kwa nguvu ile ile utakayotumia. Kagua kwa ukucha. Fungua. Andika namba kwenye kila klampu na chora kwa penseli vibao vinapokaa. Sasa rudia ukipima kwa saa. Gundi ya njano hukupa kama dakika tano kabla haijaanza kushika, na kidogo zaidi chumba kikiwa na baridi. Ukishindwa kumaliza ndani ya dakika tatu, rudia zoezi mpaka uweze. Hapa pia ndipo mwenzako anapojifunza: yeye anakupa klampu namba moja, wewe unakaza, hakuna anayeuliza "hii iende wapi?"

8. Tia gundi. Kwa kichwa kilichotoka, paka nyuso zote mbili kwa brashi, tabaka jembamba lisiloacha sehemu kavu. Kwa ufa, mwenzako ausukume ufunguke kwa kiasi kile unachofunguka wenyewe, asizidishe. Wewe ingiza gundi kwa bomba la sindano, kisha isukume ndani kwa kipande cha plastiki. Fungua na ufunge ufa polepole mara tatu nne. Utaona gundi ikivutwa ndani na kutoka tena, kama ufa unapumua. Endelea mpaka gundi ichungulie upande wa pili na kwenye ncha zote. Sehemu iliyobaki kavu katikati ndiyo itakayofunguka mwaka ujao.

9. Funga na ukaze. Anza na klampu iliyo karibu na katikati ya mvunjiko, kaza nusu. Weka ya pili, nusu. Kagua kwa ukucha. Ndipo ukaze zote kwa zamu. Gundi itatoka kwenye mstari wote, vitone vidogo vilivyojipanga kama jasho juu ya mdomo. Hiyo ndiyo dalili unayoitaka. Pasipotoka kitu, hapakufika gundi. Usikaze mpaka kibao kiache alama kwenye mbao. Ukibana kupita kiasi unaikamua gundi yote nje na kuacha kiungo na njaa.

10. Futa. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu na kukamuliwa, mara mbili, kisha kikavu. Toa ile nailoni ya kwenye nafasi ya nati na ufute humo pia. Kagua mstari kwa mara ya mwisho baada ya dakika kumi, kwa sababu kichwa kinaweza kuteleza hata baada ya kukaza.

11. Ondoka. Chupa inasema dakika 30 za kubana, na inasema kweli kwa rafu ya vitabu. Kichwa cha gitaa mimi nakiacha kwenye klampu saa 24, na siku moja zaidi bila klampu wala nyuzi. Usilihamishe, usilifungue "kuona tu".

12. Fungua klampu, ondoa nailoni, na kwangua gundi iliyobaki kwa kipande cha plastiki. Kabla ya kurudisha vigingi, shika mwili wa gitaa na ukisukume kichwa kwa kidole gumba, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu ya wastani, huku jicho liko kwenye mstari. Mstari ukifunguka hata unywele, usitie nyuzi.

13. Rudisha vigingi na uanze na nyuzi nyepesi. Zipandishe mpaka toni moja chini ya kawaida na uache usiku kucha. Kesho yake kagua mstari, ndipo upande hadi sauti kamili. Rekebisha fimbo ya shingo mwisho kabisa, robo mzunguko kwa wakati.

Kuhusu kovu

Mstari utaonekana. Kuuficha kabisa kunataka kuchanganya rangi na kupuliza vanishi inayolingana na ile ya zamani, nayo ni kazi nyingine kabisa yenye zana na hatari zake. Kama unachotaka ni kuziba mfereji mdogo ulioachwa na vanishi iliyobanduka, tone dogo la supaglu nyembamba, likaushwe, lisawazishwe kwa msasa laini sana, linatosha. Hapo supaglu ina kazi yake halali, juu ya mbao iliyokwisha kushikana, lakini jaribu kwanza mahali pasipoonekana, kwani inaweza kuyeyusha vanishi za kale.

Mimi mistari huiacha. Mwanamuziki wa Marekani Willie Nelson amepiga Trigger, gitaa lake la Martin N-20, tangu 1969, na ubao wake wa mbele una tundu alilolitoboa kwa kukwaruza miaka yote hiyo. Bado analipiga. Gitaa la baba yako likiwa na mstari nyuma ya shingo, kidole gumba chako kitauzoea ndani ya wiki.

Ufa wa ubao wa mbele

Kabla ya gundi uliza ufa umetoka wapi. Kama ni kipigo, endelea. Kama ulijitokeza wenyewe wakati wa ukavu, mbao imenywea, na ukitia gundi sasa utakuwa umegundisha pengo. Liweke gitaa kwenye sanduku pamoja na sifongo lenye unyevu, si la kuchuruzika, ndani ya kibweta cha plastiki chenye matundu, kwa siku kadhaa, mpaka ufa ujifunge. Gitaa hupenda unyevu wa hewa kati ya asilimia 45 na 55.

Ufa ukishajifunga, tia gundi juu yake na uisugue kwa kidole huku mkono mwingine ukiwa ndani ya tundu la sauti unausukuma ubao juu na chini kidogo. Gundi itazama. Futa, weka nailoni, bana kwa sumaku mbili zenye nguvu, moja ndani na moja nje, kila moja ikiwa na kibao chembamba chini yake. Baada ya kukauka, gundisha kwa ndani viraka vidogo vya mbao laini, unene wa milimita mbili, kimoja kila sentimita chache, mishipa yake ikikatiza ufa. Na ukiwa na mkono wako humo ndani, gonga taratibu kila mwamba wa kuimarisha ubao. Unaolia kama kitu kilicholegea umeachia, nao unahitaji gundi kabla hujafunga kazi.

Daraja lililonyanyuka

Pitisha karatasi nyembamba chini ya ukingo wa nyuma wa daraja. Ikiingia milimita moja mbili tu, lisimamie kwa kulegeza nyuzi kila unapomaliza kupiga, na umwone fundi. Ikiingia ndani zaidi, vua nyuzi leo. Kulitoa daraja lote kunataka joto na visu vyembamba, na ubao wa mbele huchanika kirahisi. Kumwaga gundi kwenye pengo bila kulitoa hakusaidii, kwa kuwa chini kumejaa gundi ya zamani, na gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kimeteleza na nimeona ndani ya dakika kumi.* Fungua kila kitu mara moja. Osha nyuso zote mbili kwa maji ya vuguvugu na brashi mpaka ute uishe, kausha kwa kitambaa, acha mpaka kesho, uanze tena hatua ya nne. Hujapoteza kitu isipokuwa siku moja.

*Nimeona kesho yake.* Kama ni unene wa karatasi na kiungo ni imara, ishi nacho. Kama ni zaidi, gundi ya njano hulegea kwa joto na fundi anaweza kuifungua. Usijaribu kwa pasi ya nguo. Vanishi itatoa malengelenge kabla gundi haijahisi chochote.

*Mstari umekuwa mweupe kwenye vanishi.* Huenda ni unyevu ulionaswa, au utando wa gundi ambao hukuufuta. Kama ni unyevu, mara nyingi hupotea wenyewe mahali pakavu. Kama ni utando, kitambaa chenye unyevu na uvumilivu vitautoa.

*Nati ya fimbo ya shingo haizunguki.* Usiilazimishe. Jaribu kwanza kulegeza, kamwe usianze kwa kukaza. Ikiwa gundi imeingia, ncha ya chuma iliyopashwa moto ikigusishwa kwenye nati kwa sekunde chache huilainisha. Ikikataa baada ya hapo, simama.

*Nyuzi zinavuma kwenye freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo, baada ya kazi.* Shingo ilikaa bila mvuto kwa siku kadhaa na imenyooka kupita kiasi. Acha nyuzi zivute siku mbili tatu kabla ya kugusa nati.

*Ufa umefunguka tena mahali palepale.* Gundi haikufika, au mvunjiko ulikuwa wa kundi la tatu tangu mwanzo. Usitie gundi juu ya gundi. Legeza nyuzi, weka vibanzi kwenye bahasha, mpelekee fundi, na umwambie ukweli wote: gundi gani, lini, mara ngapi. Hatakulaumu. Anachohitaji ni kujua anakwangua nini.

*Umefunguka pembeni ya pale nilipogundisha.* Basi kiungo chako kilishika, na mbao ya jirani ndiyo iliyochoka. Rudi hatua ya kwanza, na safari hii uongeze swali moja: gitaa linasimamishwa wapi? Lililoegemezwa ukutani au kwenye kiti litaanguka tena. Litundike kwenye ndoano iliyofungwa vizuri kwa skrubu ukutani, au lilaze kwenye sanduku lake, na ndani ya sanduku hakikisha mto umeikamata shingo na kichwa chenyewe kinaelea bila kugusa chini.